Mpaka Usiopinda

Ijuganyondo, Bukoba
9 Juni 1975

Kwa Ndugu Gamaliel Ndyamukama,
Katibu wa Kijiji, Izigo

Ndugu Katibu,

Salamu nimeziacha kwa makusudi. Mtu anayemwamuru dada yangu aondoke katika nyumba yake hana haja ya kujua kama mimi sijambo.

Klaudia ameniandikia kwamba barabara mpya ya kijiji imekatiza kibanja chetu kutoka kwa jirani Kaijage mpaka kwako, na kwamba udongo uliochimbwa mliumwaga mteremkoni mkafukia milamula yote, ile mimea ya mpaka wetu na wako, ukabaki mmoja tu ukingoni mwa barabara. Kisha wewe mwenyewe, bila kuita jirani wala mzee, ukapanda milamula mipya. Mstari wako mpya unapita mbele ya nyumba ya Klaudia, si nyuma. Kwa hiyo nyumba iliyolala kwetu jana imeamka kwako leo.

Nitakueleza kosa lako kwa utaratibu, kama nilivyokueleza mambo mengine ulipokuwa darasa la sita mbele yangu.

Babu yangu Karugendo, babu yako na babu yake Kaijage waligawana mteremko ule kwa kamba. Kamba iliyopima upana wa kibanja chetu kule juu ndiyo iliyopima upana wake kule bondeni. Mistari miwili inayoachana kwa upana ule ule mwanzo hadi mwisho huitwa sambamba. Ukiirefusha hadi ng'ambo ya ziwa haitakutana. Basi mpaka wetu na Kaijage, na mpaka wetu na wewe, ni sambamba. Sasa mmeleta mstari wa tatu, barabara, unaoikata yote miwili kwa mshazari. Barabara ikinyooka, pembe inayoifanya na mpaka wa Kaijage lazima iwe sawa na pembe inayoifanya na mpaka wako, mradi utazame pembe zilizokaa mahali pamoja: zote chini ya barabara, zote upande wa kulia wa mpaka. Jambo hili halina chama wala dhehebu, na halipigiwi kura.

Ng'oa milamula yako kabla sijaja kuipima.

Ishengoma
Mwalimu Mkuu mstaafu

*

Izigo
20 Juni 1975

Waitu Mwalimu,

Shikamoo. Mimi sikulelewa kuandika barua isiyo na salamu.

Barua yako nimeisomea wajumbe wa kamati. Tulicheka kidogo, utusamehe. Mzee mmoja aliuliza, "Huyu anayetupimia mistari anaishi wapi?" Nikamwambia anaishi Ijuganyondo, karibu na mji, kwenye umeme. Akasema, "Basi apime ya huko."

Unikumbushe darasa la sita? Nalikumbuka kuliko wewe. Ulichora mistari miwili na wa tatu ukiikata, ukaniita ubaoni, nikaonyesha pembe isiyo yenyewe. Ukawaambia wenzangu, "Mtazameni mtoto wa Kilutheri, kaimba tenzi mpaka macho yamepinda." Darasa zima likaangua kicheko. Mdogo wako Klaudia alikuwa dawati la mbele, naye alicheka.

Sasa tuje kwenye kazi. Mahali pale ilipo nyumba, kando ya barabara, ndipo patakapojengwa duka la kijiji. Kiwanja nimekitoa mimi katika ardhi yangu, bure, na kamati imenishukuru kwa maandishi. Dada yako anajua kwamba nyumba yake ilijengwa ukingoni kabisa, kwa sababu ninyi wenyewe mlimweka ukingoni. Binti aliyerudi kutoka kwa mume hajengewi katikati ya kibanja cha baba yake. Huo ni utaratibu wenu, sikuutunga mimi. Mliomsukuma hadi mwisho wa migomba yenu msishangae kwamba mlimsukuma mpaka kwangu.

Avune kahawa yake kwanza. Mwisho wa Agosti awe ametoka.

G. Ndyamukama
Katibu

*

Ijuganyondo
28 Juni 1975

Mdogo wangu Klaudia,

Usimjibu huyo mtu neno. Miguu yangu hairuhusu safari ya basi kwa sasa, lakini huhitaji miguu yangu; unahitaji kipande cha boksi na kisu.

Fuata hivi. Nenda pale mpaka wetu na Kaijage unapokutana na barabara. Ipe barabara mgongo, utazame bondeni. Mkono wako wa kulia kuna pembe kati ya ukingo wa barabara na mstari wa milamula. Weka boksi chini, kona yake ikae pale mistari inapokutana, kisha ulikate lifuate ukingo na lifuate milamula. Sasa umeikamata pembe mkononi, unaweza kuibeba kama unavyobeba mkate.

Ibebe hadi kwenye mlamula ule mmoja uliobaki kwa Gamaliel. Ipe barabara mgongo vilevile, uliweke boksi mkono wa kulia vilevile. Likilingana, mstari wake ni wa haki. Lisipolingana, ni mwizi.

Kuna njia ya pili ya kuhakikisha. Kata pia boksi la pembe iliyo mkono wako wa kushoto pale kwa Gamaliel, yaani ile iliyo ndani ya kibanja chetu. Ukiliweka kando ya boksi la kwanza, kona kwa kona juu ya ubao ulionyooka, lazima yajaze ubao wote bila mwanya. Hizo ni pembe mbili za ndani, upande mmoja wa mkato; mistari ikiwa sambamba, jumla yake ni mstari mnyoofu. Ndivyo nilivyofundishwa seminari, nami nimewafundisha watoto wa Izigo miaka mingi.

Fanya taratibu. Usiruhusu mtu akuharakishe.

Kaka yako,
Ishengoma

*

Izigo
7 Julai 1975

Kaka,

Nimefanya ulivyosema, mbele ya watu, maana hapa huwezi kuinama barabarani na kisu usipate watazamaji. Rafiki yangu Jovita aliniuliza kama nakata kiatu cha shetani. Nilimwambia nakata cha katibu, aje kushika upande wa pili.

Boksi la kwa Kaijage halikulingana kwa Gamaliel. Mstari wake umeelekea kwetu mno, ukaacha nafasi kati yake na boksi. Yale mawili niliyoyaweka juu ya ubao yaliacha mwanya, nikapitisha kiganja. Kwa hiyo umesema kweli, amesogeza.

Lakini kaka, njoo. Hata kwa kukodi gari la mtu. Kuna jambo kuhusu marehemu mzee Ndyamukama, baba yake Gamaliel, na mpaka wa nyuma ya nyumba yangu, ambalo halifai kuandikwa. Mfuko wa barua hupita ofisini kwa katibu, na katibu ni nani unamjua. Nikimtaja shahidi humu, shahidi atatembelewa kesho asubuhi. Wewe njoo, kaa na wazee, waulize kwa mdomo. Wazee hawa hawahitaji boksi. Wakikaa chini na kibuyu cha pombe ya rubisi jambo litaisha jioni ile ile.

Usimwandikie chochote kabla hujaja. Nakuomba.

Klaudia

*

Ijuganyondo
15 Julai 1975

Ndugu Katibu,

Umepimwa ukaonekana umepungua. Dada yangu, ambaye hakupita darasa la nane, amekufunga kwa kipande cha boksi. Pembe zilizokaa mahali pamoja hazilingani. Pembe za ndani hazijazi mstari. Ukitaka ushahidi wa tatu, tazama pembe zinazopishana, moja chini ya barabara kwa Kaijage na nyingine juu ya barabara kwako, zote zikiwa ndani ya kibanja chetu. Nazo zilipaswa kuwa sawa, nazo hazitakuwa sawa. Ukweli ni mmoja, milango yake ni mitatu, na yote umeipigilia misumari.

Sitaki huruma ya kamati, na wala sitaki hadithi za wazee waliokunywa. Nataka mstari. Kuanzia kwenye mlamula uliobaki, uvutwe uzi kwa pembe ile ile ya Kaijage, moja kwa moja hadi bondeni. Ukikataa, nitaandika wilayani Muleba kwamba katibu wa kijiji cha ujamaa anajimegea ardhi ya mwanamke aliyeachika.

Ishengoma

*

Izigo
22 Julai 1975

Waitu Mwalimu,

Shikamoo.

Umenishinda. Nimekubali kwamba mstari wangu haukuwa sambamba, na nimeiambia kamati hivyo hivyo. Elimu ni nuru.

Kamati iko tayari kuvuta uzi kwa pembe ya Kaijage, kama ulivyoagiza. Inaomba jambo moja tu ili kesi isirudi tena kesho na keshokutwa. Wewe ndiye mkuu wa ukoo. Tuandikie kwa mkono wako kwamba mpaka wa Karugendo na Ndyamukama ni mstari mnyoofu, sambamba na mpaka wa Kaijage, usiopinda popote, na kwamba ukoo wako utaupokea popote utakapopita.

Ukishaandika, mimi nitang'oa milamula yangu kwa mikono yangu mwenyewe.

Mwanafunzi wako,
Gamaliel

*

Ijuganyondo
29 Julai 1975

Klaudia,

Furahi. Amekubali! Leo nimetuma kwa kamati maneno waliyoyataka, na nimeyasaini. Nimeyasoma mara kadhaa nikitafuta mtego, sikuuona, kwa sababu ndiyo maneno yangu mwenyewe aliyonirudishia.

Kuhusu lile jambo la mzee Ndyamukama, usijisumbue. Najua unaamini mno mazungumzo ya wazee. Lakini mzee mmoja hukumbuka hivi, mwingine vile, na wa tatu hukumbuka kama anayemnunulia pombe anavyotaka. Pembe haina rafiki. Ndiyo maana niliipenda tangu nikiwa kijana.

Siku ya kuvuta uzi simama karibu uangalie wasikosee. Kisha uniandikie jinsi uso wake ulivyokuwa.

Kaka yako,
Ishengoma

*

Izigo
10 Agosti 1975

Ishengoma,

Barua hii imepita ofisini kama nyingine. Akiifungua aisome, sina tena cha kuficha.

Unataka kujua uso wake ulivyokuwa. Alikuwa anatabasamu.

Walikuja jana na uzi wa katani na boksi langu, lile lile nililolikata. Aliniomba kwa adabu, nikampa mwenyewe kama mjinga. Walifunga uzi kwenye mlamula uliobaki, wakaweka boksi, wakanyoosha. Hawakukosea, nilisimama karibu kama ulivyoniagiza. Uzi ulishuka, ukapita mgomba wa kwanza, ukapita mkahawa wangu, ukafika ukutani kwangu na kukwama. Wakafungua dirisha, wakaupitisha ndani. Ukapita kati ya kitanda na mlango wa sebule, ukatokea upande wa pili. Sebule ni ya kwetu. Chumba cha kulala ni cha Gamaliel. Jiko langu la nyuma ni la Gamaliel pia, pamoja na kuni.

Sasa nitakuambia lile jambo ambalo hukuwa na haja nalo.

Nilipoachika na kurudi nyumbani, baba alinipa ukingo, kama desturi. Lakini ukingo ulikuwa mwembamba, nyumba isingetosha. Wewe wakati ule ulikuwa unafundisha Karagwe, ukatuma salamu. Mzee Ndyamukama alikuja asubuhi na jembe lake. Akamwambia baba, "Mtoto huyu amefukuzwa mara moja, inatosha." Akang'oa milamula yake mwenyewe, akaipanda upya ikizunguka nyuma ya nyumba yangu kama mkono unaomzunguka mtu kiunoni, kisha ikarudi kwenye mstari wake wa zamani kule chini. Kaijage alikuwepo. Baba alikuwepo. Walikunywa hapo hapo wakamaliza. Mpaka wetu ulikuwa umepinda, kaka, na ulipinda kwa ajili yangu. Ndio uliofukiwa na udongo wa barabara.

Jana mzee Kaijage alisimama mbele ya kamati akaeleza yote haya. Aliongea vizuri, watu wakaanza kunung'unika kwa upande wangu. Gamaliel alimwacha amalize. Kisha akasoma karatasi yako. "Usiopinda popote." Akamuuliza Kaijage, "Mzee, wewe na Mwalimu Mkuu, nani anajua zaidi mpaka wa ukoo wake?" Kaijage akakaa.

Nilimwambia Gamaliel, "Baba yako ndiye aliyeupinda kwa mikono yake." Akanijibu, "Mwalimu alitufundisha kwamba mstari hauzunguki nyumba ya mtu kwa kumwonea huruma."

Gamaliel alitaka kuninyang'anya nyumba, na kijiji kizima kilikuwa kinaona. Wewe ndiye uliyempa karatasi.

Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu anakuja kuezua mabati ya upande wake.

Klaudia

*

Ijuganyondo
13 Agosti 1975

Ndugu Gamaliel,

Shikamana nami katika hoja hii hadi mwisho, ndipo uamue.

Niliyoyaandika kuhusu pembe ni kweli na yatabaki kweli. Lakini kanuni yenyewe inaanza na neno "ikiwa". Ikiwa mistari ni sambamba, pembe hulingana. Kanuni haisemi kwamba mipaka ya watu ni lazima iwe sambamba. Mababu zetu waliichora hivyo. Baba yako akaibadilisha sehemu moja, na alikuwa na haki, kwa sababu ardhi ilikuwa yake. Tangu siku ile mpaka wa kweli ni ule aliouacha yeye. Mimi nilisaini jambo ambalo sikuwa nalijua.

Napendekeza tubadilishane. Acha mpaka uzunguke nyumba kama zamani, nami nitakupa eneo la ukubwa ule ule kule juu, kwenye kahawa yetu inayozaa vizuri. Duka la kijiji linaweza kujengwa hapo. Nako ni kando ya barabara. Unapata zaidi ya unachotoa, na jina la baba yako linabaki safi.

Nasubiri jibu kabla ya Jumamosi.

Ishengoma

*

Izigo
18 Agosti 1975

Mwalimu,

Sasa mpaka unaweza kupinda. Sasa wazee wanakumbuka vizuri. Ungeyaandika haya mwezi wa sita, kabla ya kuniita mwizi mbele ya wajumbe, labda ningeyasoma kwa moyo mwingine.

Baba yangu alikuwa mtu mwema. Alitoa ardhi, akampa jirani yule yule aliyekuwa amemcheka mwanawe ubaoni kwa sababu ya dini yake. Najua hukumbuki. Barua zako zote nne nimezisoma nikitafuta kama utakumbuka.

Kahawa yako siitaki. Nataka kile ulichosaini. Jumamosi tutaezua upande wetu tu, kwa uangalifu, bati kwa bati. Sebule yenu hatutaigusa.

G. Ndyamukama
Katibu

*

Izigo
24 Agosti 1975

Kaka Ishengoma,

Gamaliel alikuja jana asubuhi na vijana na ngazi, akakuta kuta tupu.

Sikumngojea. Ijumaa nilimwita Jovita, na Jovita akawaita kina mama wa kikundi cha kahawa, na Kaijage akatuma wajukuu zake na mitarimbo. Tuliezua mabati yote, ya sebule na ya chumba, maana mabati niliyanunua mimi, na katika karatasi yako hukutaja mabati. Tukang'oa milango, fremu, miti iliyokuwa mizima. Kuta za udongo nikaziacha zisimame hapo na dirisha lao. Gamaliel alizunguka akaniuliza nguzo zake ziko wapi. Nikamwambia, "Katibu, mstari wako uko palepale, sijaugusa." Kina mama walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Alikasirika, akasema nitajibu mbele ya kamati. Nitajibu.

Umeniandikia barua nyingi, nami sasa nakuarifu, sikuombi ruhusa. Nyumba naijenga upya katikati ya kibanja. Namaanisha katikati kabisa, pale baba alipokuwa na nyumba ya msonge, pale ulipoweka mawe ya msingi wa nyumba yako ya uzeeni na hukuweka la pili juu yake. Mawe hayo nimeyatumia. Mengine yalikuwa yameshaota majani. Nilikwenda kwa miguu yangu kutoka mpaka wa Kaijage, nikaenda kutoka mpaka wa Gamaliel, nikasimama panapolingana. Utakapopima hutaniona na kosa.

Kaijage alinionya kwamba watu watasema. Binti aliyerudi hakai katikati, huo ni mlango wa mwana wa kiume. Nikamwambia ukingoni nimekaa vya kutosha. Ninyi wanaume wawili mmenionyesha ukingo unavyokwenda ukimfuata mtu hadi kitandani. Mzee alitafuna kahawa yake. Kisha akawaambia wajukuu walete miti mingine.

Migomba ya kuzunguka hapa nimeipalilia mimi tangu ulipohamia Ijuganyondo. Inaijua mikono yangu. Kama una neno, usiliandike, maana barua zako nimechoka kuzisoma. Panda basi, hata kwa magongo. Utaiona nyumba kabla hujateremka, mabati yanang'aa.

Ukifika, piga hodi, ungoje nikukaribishe.

Klaudia